Ufundi wa Kuikatiza Hadithi

Mtu yeyote aliyefanya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne Tanzania analikumbuka lile swali la mwisho mwisho, lenye alama nyingi. Pameorodheshwa vitabu: Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, Takadini cha Ben Hanson, Orodha cha Steve Reynolds, Ngoswe cha Edwin Semzaba. Kisha inakuja amri: teua vitabu viwili, toa hoja tatu tatu kwa kila kitabu, eleza ujumbe unaopatikana humo. Mtahiniwa haogopi, ameshakariri tangu kidato cha tatu. Umaskini huvunja familia. Mila mbaya zipigwe vita. Anaandika, anapigia mstari, anageuza ukurasa.

Sina ugomvi na walimu. Mwenye darasa lililojaa mpaka dirishani, na silabasi ya kuimaliza kabla ya mitihani ya majaribio, hana nafasi ya kukaa na Sekai njiani. Sekai ni mama yake Takadini. Amejifungua mtoto zeruzeru, mila za kwao zinataka mtoto auawe, naye anambeba na kutoroka. Hilo kila mwanafunzi ameliandika. Lakini nyumbani amebaki mume, Makwati, na sijaona mtihani unaouliza Makwati alilalaje baada ya mke kuondoka, wala alikuwa akiwajibu nini majirani. Hapo hapana alama. Kijana anamaliza shule akiamini kwamba kila hadithi imeficha sentensi moja tumboni, kazi ya msomaji ni kuitoa, na ikishatoka basi hadithi haina kazi tena. Baadaye anaangalia sinema hivyo hivyo, anasikiliza nyimbo hivyo hivyo, na siku akifiwa au akiachwa anaitafuta sentensi ya namna hiyo imtulize, asiipate.

Ninaowasifu hapa ni watu wa namna nyingine: wale wanaoisimulia hadithi mpaka mahali fulani, wakaikata, wakanyanyuka. Ni ufundi kama ufundi mwingine, una wanaouweza na wanaoharibu. Asiyejua hukata mapema, wasikilizaji wakabaki hawana hata cha kubishania. Mwingine huchelewa, jibu likamponyoka mdomoni akiwa bado anajisifu kwa mafumbo. Watu wa Iringa watanicheka, lakini mafundi hawa nimewakuta wengi zaidi kwetu Morogoro, mjini na kule juu Uluguru.

Wa kwanza niliyemjua hajaandikwa kwenye kitabu chochote. Alikuwa bibi yetu mzaa mama, aliyeishi upande wa mashariki wa milima, njia ya Matombo, ambako mvua haifuati kalenda na vijia vyote ni utelezi. Tulipelekwa kwake wakati wa likizo. Jioni alikaa kwenye kigoda mbele ya mafiga akimenya magimbi, sisi tumejipanga ukutani tukikwepa moshi. Akisema "Hadithi, hadithi," tunaitikia "Hadithi njoo," na hapo hapo anaanza, kwa Kiluguru kilichochanganywa na Kiswahili kwa ajili yetu sisi watoto wa mjini.

Ipo moja ya mfenesi. Mwanamume alioa, akahamia kwa wakwe. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba ni la ukoo huo, na mume aliyekuja kuoa hulima kwa hisani ya wajomba wa mkewe. Huyu akapewa kipande ukingoni mwa korongo. Akapanda mihogo, akapanda migomba, na katikati akapanda mfenesi. Watu wakamcheka. Mgeni anapanda mti wa kungojwa miaka, kwani anakaa mpaka lini? Hakuwajibu. Akauzungushia miiba mbuzi wasiuguse, kiangazi akauchotea maji bondeni. Mti ukakua. Mwaka ulipobeba kwa mara ya kwanza, mke akaugua, akafariki. Arobaini ilipofika, fenesi moja lilikuwa limeiva mpaka harufu yake inaingia msibani. Mjomba wa marehemu akaja na panga. Akamkuta mume amesimama chini ya mti, naye ana panga lake. Mume akasema, mti nimeupanda kwa mikono hii. Mjomba akasema, umeupanda kwenye udongo wa nani? Na katikati yao amesimama mtoto, ambaye ni damu ya huyu na ukoo wa yule, ana njaa.

Hapo bibi aliinama, akageuza magimbi chunguni, akafunika. Tukangoja.

"Ikawaje, bibi?"

"Kwani mimi nilikuwepo?"

Basi tukaanza kubishana. Kaka yangu akasema likatwe katikati, kila upande nusu. Binti wa mama mdogo akasema apewe mtoto lote, wazee wajiendee zao. Mimi nilimtetea mume, kwa kuwa ndiye aliyehangaika na mbuzi. Bibi alituacha mpaka sauti zikapanda, mpaka kaka akawa amekaribia kutushinda kwa nusu yake kwa nusu, ndipo akamgeukia, akamwita kwa utani kama bibi wamwitavyo mjukuu wa kiume: "Haya, mume wangu, umeshalikata katikati. Na mafuta ya kupaka mikono kaleta nani?"

Aliyewahi kupasua fenesi anajua. Usipojipaka mafuta mikononi na kwenye kisu, utomvu unakuganda, unashika vidole, unashika nywele ukijisahau ukajikuna, na sabuni haiutoi. Mpaka dakika ile tulikuwa tunagawa tunda linaloning'inia hewani. Sasa lilikuwa limeangushwa chini, linanata, na lazima mtu mmoja apige magoti alipasue kwa niaba ya wenzake. Kaka alifikiri, akasema mafuta alete mjomba. Kwa nini mjomba? Hakuwa na jibu. Chungu kikaepuliwa, tukala, na hadithi ile haikumalizwa usiku ule wala usiku mwingine wowote.

Nikiwa mtu mzima nimeirudia mara nyingi nitazame ilivyoshonwa. Kila mmoja amepewa haki yake: mume jasho, mjomba udongo, mtoto njaa. Hakuna mchoyo wala malaika. Bibi angemfanya mjomba mkorofi kidogo tu, tungejua upande wa kukaa na ubishi ungekwisha magimbi hayajaiva. Marehemu naye hakufa ovyo. Ndiye peke yake ambaye angesema neno moja wote wakanyamaza, kwa hiyo ilibidi aondolewe mapema. Vijambo vidogo, miiba na mbuzi na maji ya bondeni, viliwekwa kabla hatujajua vitatufaa nini. Na mafuta aliyaficha. Aliyatoa pale tulipotaka kuafikiana kwa bei rahisi.

Baba yetu alipofariki, sisi ndugu tulikaa kugawana nyumba iliyoko Kihonda. Tulikuwa na mwanasheria, tulikuwa na karatasi, kila mtu na asilimia yake, na tuliongea kwa upole mwingi kama wanavyoongea watu wasioaminiana. Binti wa mama mdogo, yule yule, alikuwa amekuja kutufariji. Alisikiliza asilimia zote, akanywa chai yake, kisha akauliza taratibu: "Na mafuta?" Wengine hawakumwelewa. Mimi na kaka tulicheka mpaka tukaona aibu, maana bado turubai lilikuwa uani. Mwanasheria aliweka kalamu chini. Tulipotulia ikabidi lizungumzwe suala la mama yetu wa kambo, ambaye miguu ilikuwa haimchukui tena, na la nani angekuwa anaamka usiku akimwita. Karatasi ilikuwa haina safu ya jambo hilo.

Ufundi huu haukuishia jikoni. Penina Muhando, ambaye baadaye amejulikana pia kwa jina la Penina Mlama, alizaliwa Berega, mkoani Morogoro, mwaka 1948, akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia ya Kiswahili. Tamthilia yake ya Nguzo Mama, ya mwaka 1982, ina mtu anayeitwa Bi Msimulizi, anayeingia na kuanza kutamba hadithi kama bibi yeyote wa kijijini. Kwenye kijiji cha Patata wanawake wanatakiwa waisimamishe nguzo. Wanaitana, wanashika, wanaanza kuvuta. Lakini kila mmoja ana lake linalomtoa pembeni, na mchezo unatuonyesha moja baada ya jingine bila kumdharau mtu. Nguzo haisimami. Mtazamaji anangoja sehemu ya mwisho, akitegemea wanawake watakuwa kitu kimoja, wimbo utapanda na nguzo itapanda nao. Haipandi. Mchezo unakwisha, nguzo iko chini.

Ukumbuke ilikuwa mwaka gani. Kilikuwa kipindi cha chama kimoja na cha kaulimbiu, jukwaa la kila sherehe lilikuwa na hotuba juu ya nafasi ya mwanamke, na hakuna ambacho kingekuwa rahisi kuliko kuandika mchezo ambao nguzo inanyanyuka kwa vigelegele na mgeni rasmi anapiga makofi. Kuiacha chini kulihitaji ujasiri, na zaidi ya ujasiri kulihitaji kipimo. Mwandishi ametuchosha pamoja na wale wanawake. Tumeshika kamba nao. Tunajua nguvu ipo, na tunajua inavujia wapi. Akitoka pale mtu anakuwa na hesabu ya kufanya. Niliwahi kuona kikundi kimoja cha vijana kikiuigiza mchezo huu, na nadhani mwongozaji wao alishindwa kuvumilia. Mwishoni nguzo ikasimamishwa, ngoma ikapigwa, tukashangilia sana. Njiani kuelekea kituo cha daladala watu walikuwa wanazungumzia mechi ya Simba.

Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, waliuchukua ufundi huu wakautoa kwenye kitabu kabisa. Miaka ya themanini walikwenda kukaa vijijini, kwanza Malya mkoani Mwanza, baadaye kwingine, pamoja na Mkambalani, kijiji kilicho kando ya barabara ya Dar es Salaam ukitoka Morogoro mjini. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa na watu, wakauliza kinachowasumbua, wakacheza ngoma za pale pale, na mchezo ukatungwa na wanakijiji kutokana na mambo yao: Malya, kwa mfano, lilijitokeza suala la wasichana wa shule kupata mimba. Kisha ukachezwa hadharani, mbele ya watu wote, na wahusika halisi wakiwa wamekaa kwenye mkeka wanatazama. Baada ya mchezo hakuna aliyekwenda nyumbani, kwa sababu mjadala ulikuwa sehemu ya mchezo. Jaribu kufikiri ugumu wake. Mtunzi wa jukwaa la mjini akikata vibaya, atasemwa gazetini. Huyu wa kijijini akikata vibaya, amewagombanisha majirani halafu anapanda basi kurudi Dar es Salaam.

Lihamba naye ni mzaliwa wa Morogoro, na kazi yake inanivutia kwa sababu imepita kwenye kitabu, sinema na jukwaa kwa pamoja. Mwaka 1980 ilitoka tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, aliyoitoa kwenye kazi ya Msenegali Ousmane Sembène. Sembène alikuwa kuli wa bandarini Marseille, akajifunza kuandika riwaya kwa Kifaransa, halafu akang'amua kwamba watu anaowaandikia hawakisomi hicho Kifaransa. Akaenda Moscow, akiwa ameshavuka umri wa miaka thelathini, kusomea sinema. Hadithi ya hawala aliiandika kwanza, kisha mwaka 1968 akaipiga filamu iitwayo Mandabi, watu wakaongea Kiwolofu. Mzee Ibrahima Dieng wa Dakar anapata hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Kuichukua anahitaji kitambulisho. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa, cheti kinahitaji mtu wa kumjua, na habari za fedha zimeshafika mtaani kabla ya fedha zenyewe, kila mlango una mkopaji. Inapofika kwenye Kiswahili cha Lihamba huwezi kuamini ilizaliwa kwingine. Sote tumeshasimama kwenye dirisha lile tukaambiwa njoo kesho.

Miaka mingi baadaye Lihamba alicheza kwenye filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni. Yeye ni Samehe, mgonjwa kwenye hospitali ya akili, mwanamke aliyeacha kuongea. Mwigizaji mwenye sauti ile, mwalimu wa kuigiza kwa miaka na miaka, anakubali kupewa mtu asiye na maneno. Mtazame macho tu na namna anavyoshika mikono yake mwenyewe. Daktari anayemtibu anataka hadithi yake, watazamaji nao wanaitaka, na uso ule unaijua na hautoi. Wapo waliotoka wakilalamika kwamba filamu haieleweki. Mimi naona walikuwa wamezoea kulishwa kwa kijiko.

Uluguru, kwa upande mwingine, wanajua vizuri somo lililokamilika linavyoingia kwa nguvu. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi milimani. Udongo unachukuliwa na maji, ikasema, na dawa ni matuta ya ngazi. Kila kaya ichimbe, asiyechimba ashitakiwe. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Ila kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni utando mwembamba, na ukichimba ngazi unaufukia huo na kuleta juu udongo usiootesha kitu. Wakulima walikuwa wakiliona hilo kwenye majembe yao, na aliyekuja kuwafundisha hakuwa na nafasi ya swali lao. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango ukafa. Leo ukipanda upande wa Mgeta utaona ngazi za matuta zimejaa kabichi, karoti na viazi, zinachongwa na watu bila askari kuwasimamia, kwa sababu mboga inawalipa na udongo wa kule unakubali. Milima ile ile, tena jembe ni lile lile.

Wakoloni hao hao walijaribu na sinema. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na kambi ya majaribio Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Leslie Notcutt, iliyotengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika: juu ya minyoo ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba posta. Sauti iliwekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, lori likazunguka na mashine Afrika Mashariki. Sinema za elimu za enzi zile zilipenda mtindo mmoja: mwerevu na mjinga. Mwerevu anafuata ushauri anafanikiwa, mjinga hafuati anaumia. Usidhani mtindo huo umepotea. Washa runinga jioni yoyote, utamkuta binti wa kijijini mwenye maadili na binti wa mjini mwenye wigi, na unajua nani atakufa.

Uokovu ulitoka mahali ambapo hapakutazamiwa, vibandani. Miaka ya 2000 mitaa ya Morogoro, kuanzia Mawenzi mpaka Mji Mpya, ilijaa vibanda vya video: mabenchi, magunia dirishani, televisheni juu ya meza ndefu, na mikanda iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, ambaye jina lake lilijulikana kuliko la waigizaji wenyewe. Mtafsiri hakuwa anatafsiri tu. Alisimulia, alitania, aliwapa majambazi wa Hong Kong majina ya mitaa ya Dar es Salaam, alimkemea shujaa akichelewa kukimbia. Wasomi waliwadharau. Kuna mtafsiri mmoja ambaye mkanda wake niliurudia mpaka nikaujua kwa moyo. Shujaa amekamatwa na rafiki yake wa utotoni, wamesimama juu ya paa, bastola iko kifuani. Wanaanza kusemezana. Na hapo, baada ya kupiga kelele kwa saa nzima, mtafsiri ananyamaza. Wale wanaongea Kichina, hakuna anayewaelewa. Benchi la mbele likaanza: anamwambia alimla mkewe. Benchi la nyuma: wapi, anamkumbusha mama yake aliyewalea wote. Mwenye kibanda mwenyewe akaacha kukusanya hela akaleta tafsiri yake. Bastola ikalia, na mtafsiri akarudi akasema tu, "Haya."

Nimewahi kudhani alikuwa amekwenda kunywa maji. Baadaye nikaisikia mikanda yake mingine, nikakuta kimya hicho hakitokei ovyo. Huja mara moja kwa kila filamu, na huja pale ambapo wawili wanaojuana wanazungumza.

Wanamuziki wetu sina haja ya kuwaeleza sana, wamesifiwa vya kutosha. Salum Abdallah aliyeanzisha La Paloma mwaka 1948, bendi iliyokuja kuwa Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyekwenda Japani kupiga kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970 kisha akaanzisha Super Volcano, wote walitunga nyimbo za maisha, na wote wawili waliuawa na ajali za barabarani, Salum mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979. Ninalotaka kulisema ni moja. Katika nyimbo zao nyingi maneno huisha mapema. Mwimbaji anakueleza aliyeachwa, aliyefukuzwa kazi, aliyesahauliwa na ndugu, na kabla hujapata ushauri anarudi nyuma, magitaa yanashika. Watu wanacheza na shida ile ile mikononi, na aliyelewa na asiyelewa kila mmoja anaizungusha kivyake.

Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi uitwao Tuseme, Muhando na Lihamba wakiwa mbele, ili wasichana wa sekondari waseme matatizo yao kwa kuyaigiza. Vilabu vya namna hiyo vimezaa vingine, na nilialikwa siku ya wazazi kwenye shule moja ya wilayani. Wasichana walicheza chini ya mwembe. Binti amechaguliwa kwenda kidato cha tano, mkoa wa mbali. Baba, aliyechezwa na msichana mfupi mwenye koti linalomfika magotini, alikuwa ameshapokea nusu ya mahari kwa siri, na ile nusu ameshaezekea nyumba. Mvua ikanyesha, yaani wenzake wakapiga vijiti kwenye debe. Baba akatazama juu. Mama akatazama juu. Binti ameshika barua ya shule, akasema, "Baba, nyumba yetu haivuji tena." Wakashikana mikono, wakainama, wakaondoka.

Tukadhani wamekwenda kubadili nguo. Hawakurudi. Mzee mmoja akasimama akasema mabati yang'olewe, yarudishwe. Mwenzake akamuuliza, na matundu ya misumari utayaziba na nini? Mama mmoja akasema bati lililotobolewa hupungua bei, kwa hiyo aliyetoa mahari ana haki ya kukataa. Mwingine akasema yeye angempeleka binti shule na kumwacha baba adaiwe, deni halijamuua mtu. Mwalimu wa zamu akagonga kengele ya chakula, hakuna aliyeinuka, na harufu ya pilau ilikuwa imeshatufikia. Mgeni rasmi alikuwa na hotuba yake mkononi, imechapwa vizuri, ina kichwa cha habari juu ya elimu ya mtoto wa kike. Aliikunja mara mbili akaiweka mfukoni, akavuta kiti karibu na yule mzee wa kwanza, akamuuliza yale mabati yalikuwa geji 28 au 30.